Somo: Jinsi ya kufunga dripu ya oili kwenye cheni ya pikipiki

Wakuu, salaam. Cheni nyingi za bodaboda haziuawi na ubahili wa oili, zinauawa na ratiba. Jumamosi inamwagiwa mpaka ringi inang'aa, Jumatatu nusu imesharukia tairi na suruali ya abiria, Jumatano inalia. Cheni inataka kidogo kidogo, kila inapozunguka.

Kuna vifaa vya dukani vya kazi hii. Kinachojulikana zaidi ni Scottoiler, cha Uskoti. Toleo lake la kawaida hutumia uvutaji wa hewa wa injini kufungua vali: injini ikiwaka oili inashuka, ikizimwa inakata. Ni kitu safi, ila kwa pikipiki ya hesabu, ile ya kumpelekea bosi pesa kila siku, bei yake haiingii akilini. Tutatumia seti ya dripu ya duka la dawa.

Vifaa: seti ya dripu mpya, kichupa cha plastiki cha mililita 100, mpira wa petroli mwembamba kama mita moja, spoku ya zamani, tai za plastiki za kufungia nyaya, na oili ya gia namba 90.

Hatua ya 1. Osha cheni kwanza. Mafuta ya taa na brashi, halafu ifute ikauke. Petroli hapana, hasa kama cheni yako ina vile vipete vya mpira kati ya pingili, inaviharibu. Kaza cheni mpaka katikati yake icheze milimita 20 hadi 30, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema.

Hatua ya 2. Kichupa kikae chini ya siti, kimesimama. Chomeka ncha kali ya dripu upande wa chini wa kichupa na uzibe pembeni kwa gundi isiyoyeyuka kwa oili. Juu, kwenye mfuniko, toboa tundu la sindano. Tundu hilo wengi hulisahau: kichupa kisipopumua, matone yatashuka dakika chache kisha yatakata, nawe utadhani mrija umeziba.

Hatua ya 3. Kile kichumba cha plastiki kinachoonyesha matone kifungwe wima kabisa, mahali unapoweza kukiona ukiinama. Hicho ndicho sababu ya kutumia dripu badala ya mpira mtupu: unahesabu kwa macho. Kigurudumu cha kubana mrija kiweke jirani na koki ya petroli, ili mkono unaofunga petroli ufunge na oili.

Hatua ya 4. Chini ya kigurudumu, kata mrija wa hospitali na uunge mpira wa petroli. Ule wa hospitali ukikaa na oili na jua hukakamaa.

Hatua ya 5. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiwe na haraka. Ncha ya mpira isimwagie juu ya cheni. Iguse ubavu wa sproketi kubwa ya nyuma (lile gurudumu la meno linalozungushwa na cheni), sehemu ya chini kuelekea mbele kidogo, pale cheni inapokaribia kuikamata. Sproketi ikizunguka inasukuma tone kwenda nje, linapita kwenye meno na kuingia ndani ya cheni, kwenye pini. Ukimwagia juu, oili inapaka mabamba ya nje tu, kisha inaruka. Funga mpira kwenye spoku iliyokunjwa, na spoku uikaze kwenye ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, ili ncha ipande na kushuka pamoja na gurudumu. Tumia tai mbili au tatu. Mpira ukilegea ukaingia kwenye cheni, utajuta.

Weka nyutro, injini imezimwa, zungusha gurudumu kwa mkono. Ncha iguse kwa wepesi bila kupinda.

Hatua ya 6. Fungua kigurudumu taratibu mpaka upate tone moja kwa dakika. Utaona kama ni kidogo mno. Siyo kidogo. Kwa mwendo huo mililita 100 zinavuka saa 30 za barabarani. Baada ya safari ya kwanza kagua ubavu wa tairi: ukiona unyevu, futa na upunguze. Tairi lenye oili kwenye kona ni ajali.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Njombe: Mkuu, huku asubuhi baridi kali, oili inagoma kabisa kushuka.
Jibu: Namba 90 huganda kwenye baridi. Jaribu oili ya injini, 20W-50. Ila usifungue zaidi alfajiri. Saa sita mchana itakumwagikia. Pima tone ukiwa umeshatembea.

Mdau wa Dodoma: Vumbi je? Si litaganda kwenye oili?
Jibu: Grisi ndiyo inayoshika mchanga na kuusaga ndani. Oili nyepesi inayoingia na kutoka inaondoka na vumbi lake. Ukiona tope jeusi, ama matone ni mengi ama hujaosha.

Bosi wa pikipiki mbili: Oili chafu ya injini haifai? Ninayo galoni zima.
Jibu: Ina masizi na chembe za chuma, itaziba kichumba. Lita moja ya namba 90 inajaza kichupa mara kumi, mkuu, usibane hapo.

Mdau: Yangu ina kava zima la cheni.
Jibu: Basi achana na dripu. Kava limeshazuia vumbi. Toa kizibo cha mpira, dondoshea oili huku unazungusha gurudumu, rudisha.

Dada wa bodaboda, Tanga: Cheni yangu ya saizi 428 inalia tayari. Dripu itaiponya?
Jibu: Pima kwanza, dada. Ivute ikaze, hesabu pini 21, pima kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259, nunua seti nzima pamoja na sproketi zote mbili, ndipo ufunge dripu.