Kabla hujampima mtoto anayesomea nyumbani

Kama wasomesha watoto nyumbani hapa Mombasa lazima ushaulizwa na mashemeji, jirani, mpaka mwenye tuktuk, "sasa wajuaje kama anasoma?" na swali lenyewe si baya jamani, ila wengi tukiulizwa hivyo twakimbilia saiba kuprinti pepa za nyuma halafu jioni hiyo hiyo mtoto anakalishwa mezani. Ngojeni kwanza.

La kwanza ujiulize wapima kwa nini. Kuna kupima ili wewe mwalimu ujue wiki ijayo ufundishe nini, na kuna kupima kwa sababu mtoto atarudi shule au atafanya mtihani wa KNEC, lile baraza la mitihani la Kenya. Ni vitu viwili tofauti kabisa na pepa moja haitakupa vyote.

Kwa hilo la kwanza hata pepa huhitaji. Watu wa Uwezo, wale walioanza 2009 kupita nyumba kwa nyumba Kenya nzima kupima watoto kusoma na hesabu, kwenye kusoma walikuwa wakipanda ngazi tu, herufi, maneno, aya, halafu hadithi fupi na maswali yake, na pale mtoto anapokwama ndipo alipo. Unaweza kufanya hivyo jikoni huku wapika. Mchukulie kitabu ambacho hajawahi kukiona (hapa ndio wengi tunajidanganya, kile cha kila siku ashakikariri), asome ukurasa mmoja, funga kitabu, akuhadithie. Hesabu mpeleke Kongowea na noti ya mia mbili umwambie anunue nyanya na vitunguu na akurudishie chenji sawasawa.

Sasa la pili ndilo lenye kazi, na kosa kubwa nililifanya mimi mwenyewe. Nilimpa mwanangu pepa ya hesabu nikakaa mbele yake, akapata karibu zote nikafurahi, kumbe alikuwa asoma uso wangu! Nikikunja kidogo tu anafuta, nikitulia anaendelea. Siku aliyosimamiwa na mama mwenzangu wa Tudor, sehemu zote zilizokuwa na asilimia zikaanguka. Tangu hapo tumekubaliana, yeye asimamia wangu na kusahihisha, mimi nasimamia wake, na hatuoneani haya. Kwa hivyo kabla ya yote tafuta mtu, awe mzazi mwenzako au mwalimu mstaafu wa mtaani, ili mradi asiwe wewe uliyefundisha.

Halafu silabasi, maana huwezi kupima mtoto wa ACE (ule mtaala wa Kikristo wa vijitabu) kwa pepa ya CBC (mtaala wa serikali ya Kenya) ukasema amefeli. ACE wana mtihani wao wa kumpangia mtoto kabla hajaanza, na kila kijitabu kina mtihani wake ambao lazima apate asilimia 80 au arudie. Wa IGCSE, ile mitihani ya sekondari ya Uingereza, kuna msimu wa Juni na wa Novemba, senta ya kufanyia unaitafuta na kulipia mapema sana, kwa kila somo, na kama nyumbani huna maabara ya sayansi, uliza senta kuhusu ile pepa mbadala ya vitendo inayofanywa kwa kuandika tu.

Walio kwenye CBC ndio hasa nawaambia muanze mapema. KPSEA, ule mtihani wa KNEC wa gredi ya sita wa kumaliza msingi, ilianza 2022 na mtihani wenyewe unabeba asilimia 40 tu, zile 60 zinatokana na asesimenti za shuleni za gredi ya nne, tano na sita, na alama hizo zinatiwa kwenye mtandao wa KNEC na shule, si na mzazi. Waona shida iko wapi? Ukisubiri mpaka gredi ya sita ndio utafute shule ya kumsajili, ushakuwa na mapengo ya miaka miwili. Na hiyo KPSEA yenyewe inaingia tena asilimia 20 kwenye KJSEA, mtihani wa gredi ya tisa wa kumaliza sekondari ya chini. Kwa hivyo akifika gredi ya tatu anza kubisha hodi kwenye shule zilizosajiliwa, uliza kama watampokea afanye asesimenti na projekti nao, na wakikubali ulizia namba yake ya asesimenti uiandike mahali.

Faili pia liwe tayari, kila kazi na tarehe yake, hata ile mbaya, hasa ile mbaya.

Kabla ya siku yenyewe mzoeshe vitu vidogo ambavyo watoto wa shule wanavijua bila kufundishwa, kukaa saa nzima bila kuuliza chochote, kuandika jina juu, kuweka alama kwenye karatasi ya majibu bila kuruka mstari, kuacha swali gumu na kulirudia. Fanyeni asubuhi, Machi hapa saa nane mchana hata mimi siwezi kugawanya desimali, na siku za madrasa msimrundikie. Stima ikipotea muahirishe tu.

Majibu yakitoka mwite mwenyewe kwanza mkae muangalie pamoja yale aliyokosa, kabla nyanya yake wa Likoni hajapigiwa simu.