Namna ya kufumbua fumbo mtambuka la mada moja: mfano wa Nyanda za Juu Kusini

Ukifungua ukurasa wa chemshabongo gazetini na kukuta juu ya jedwali imeandikwa mada, tuseme "Nyanda za Juu Kusini", jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba si kila jibu litatoka kwenye mada hiyo. Mtunzi huwa na majibu machache ya mada, kwa kawaida yale marefu, ambayo huyapanga kwanza. Kisha nafasi zinazobaki huzijaza kwa maneno mafupi ya kila siku yanayokubali kuingiliana nayo. Kwa hiyo unapovipitia vidokezo kwa mara ya kwanza usijaze chochote, bali weka nukta ya penseli kando ya kila kidokezo unachohisi kuwa ni cha mada. Mifano mingi iliyomo katika mwongozo huu nimeitunga mwenyewe, ili msomaji wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe aweze kuipima kwa mambo anayoyajua.

Anza na vile visivyo na nukta. Ushauri huu huwaudhi wenyeji, kwa kuwa anayezijua njia za kwao hapendi kuzungushwa, lakini kujua mengi ndiko kunakoponza. Mkazi wa Mbeya akipewa "Mlima (6)" huandika RUNGWE bila kusita, na jirani yake, mwenye kuamka kila siku akiutazama mlima mwingine juu ya jiji, huandika LOLEZA. Yote mawili yana herufi sita. Maziwa ni mtego mkubwa zaidi, kwani NYASA, RUKWA na NGOSI yote yana herufi tano, na NYASA na NGOSI hulingana hata katika herufi ya kwanza na ya nne. Sasa chukua kidokezo chepesi cha "Wingi wa jino", ambacho jibu lake, MENO, halina ubishi. Herufi N ya neno hilo ikiangukia mwanzo wa jina la ziwa itakuondolea RUKWA tu. O yake ya mwisho, ikiangukia kisanduku cha tatu, inamaliza mjadala wote, maana jibu haliwezi kuwa jingine ila NGOSI, lile ziwa la kasoko katika milima ya Poroto ambalo halina mto unaotoka humo juu ya ardhi. Hata hapo usiharakishe kuandika herufi ya nne, kwa sababu jina hilo huandikwa pia NGOZI, na ni neno linalokatiza tu litakalokuambia mtunzi alifuata tahajia ipi.

Baada ya kupata herufi chache za namna hiyo, rudi kwenye vidokezo vya mada na uvisome kwa jicho la sarufi kabla ya kuvisoma kwa jicho la historia au jiografia. Fumbo mtambuka lilizaliwa katika Kiingereza, pale Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alipochapisha lake la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na katika lugha ile kitenzi hakimfichui mtendaji wake. Kiswahili hakimpi mtunzi ahueni hiyo. Akitaka kusema kwamba kitu fulani kilianguka, kilijengwa au kilirudishwa, analazimika kuchagua kiambishi cha ngeli, na kiambishi hicho mara nyingi ndicho mlango wa jibu.

Nilijifunza hili kwa aibu ndani ya basi la kutoka Mbeya kwenda Iringa. Kidokezo kilisema "Kimelala Mbozi bila kitanda", visanduku saba, na tayari nilikuwa na K na I za mwanzo pamoja na N katika nafasi ya tano. Nikaandika KIPUNJI, tena kwa kalamu ya wino. Mzee aliyeketi kando yangu, ambaye alikuwa akiutazama ukurasa wangu kimyakimya tangu Uyole, akasema kwa upole, "Mwanangu, mnyama hasemwi kimelala. Mnyama amelala." Jibu lilikuwa KIMONDO, neno lenye herufi saba vilevile, lenye K, I na N katika nafasi zilezile tatu. Herufi nilizojivunia hazikuwa na uwezo wa kuyatenganisha maneno hayo mawili, ilhali kiambishi kimoja mwanzoni mwa kidokezo kilikuwa kimeshayatenganisha.

Majibu yote mawili yanastahili kujulikana vizuri, kwa kuwa mtunzi yeyote wa mada hii atayatamani. Kimondo cha Mbozi kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 na urefu wa takriban mita 3, na sehemu yake kubwa ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Kiliingia katika kumbukumbu za wanasayansi mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakikijua kabla ya hapo, na kutokuwapo kwa masimulizi ya kuanguka kwake ndiko kunakofanya iaminike kwamba kilianguka zamani sana. Kipunji naye ni kima wa misitu ya Rungwe na Livingstone, ambaye watafiti walimtambua mwaka 2003. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti likamkuta katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa. Alitangazwa mwaka 2005, na mwaka 2006 akawekwa katika jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Jina la kipunji lilikuwa midomoni mwa wakazi wa huko kabla ya hayo yote, jambo linalompa mtunzi mwerevu nafasi ya kuandika "Alijulikana Rungwe kabla ya kugunduliwa", na wewe, ukiona A hiyo ya mwanzo, ukafahamu kwamba unatafuta mtu au mnyama.

Watunzi nao wanaijua hatari ya viambishi, na wana njia mbili za kujikinga. Ya kwanza ni kutumia kitenzi chenye "hu" ya mazoea, ambacho hakibebi ngeli yoyote: "Hugemwa masika kutoka kwenye mianzi (6)". Anayekaa Iringa au Njombe atasema ULANZI hata akiwa usingizini, lakini mgeni aliyetoka pwani, ambako tembo hugemwa mnazini, hatapata msaada wowote katika sarufi ya kidokezo hicho. Njia ya pili ni kutanguliza nomino ya kuazima, kwa mfano "Mgeni wa Mbozi aliyeshuka bila ngazi", ambapo upatanisho wote unafuata "mgeni" na kukificha kimondo nyuma yake. Kanuni inayotokana na hila hizi mbili ni rahisi: kidokezo kikianza na kitenzi kilichobeba kiambishi cha ngeli, kiambishi hicho ni cha jibu; kikianza na nomino, upatanisho ni wa nomino hiyo na usiutegemee; na kikianza na "hu", nenda moja kwa moja kwenye herufi zinazokatiza.

Kuhusu herufi zenyewe nitasema machache. Maneno ya asili ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kikidai konsonanti, fikiria jina la kigeni au kosa lako mwenyewe. C haikai bila H kufuata. Kabla ya B au V, sauti ya puani huandikwa M, kamwe si N, kama ilivyo katika MAKAMBAKO na NJOMBE. Apostrofi ya NG' kwa kawaida haipewi kisanduku chake, kwa hiyo NG'OMBE huhesabiwa kuwa na herufi sita. Herufi adimu kama Z na J ni mali. TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) ikikatizwa na ULANZI katika Z, ya tatu kwa neno moja na ya tano kwa jingine, umepata uthibitisho mkubwa kuliko ambao ungepewa na A tano. TAZARA ni kifupi, na mtunzi muungwana huandika neno "kifupi" mwishoni mwa kidokezo. Akiwa si muungwana ataandika tu "Kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi", njia ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 hadi 1975.

Sehemu ya historia ndiyo inayohitaji utulivu zaidi, kwa sababu mada ya nyanda hizi haiwezi kumkwepa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na habari zake zina majina mengi yanayokaribiana kwa urefu. Hesabu visanduku kabla ya kukumbuka chochote. MKWAWA ni sita, lakini mtunzi anayetaka kukupima ataliomba jina lake MKWAVINYIKA, lenye herufi kumi na moja. LUGALO nayo ni sita, kwa hiyo maneno "Zelewski" (kamanda wa Wajerumani) na "1891" yakitokea kwenye kidokezo chenye visanduku sita, swali la kujiuliza ni kama anatafutwa mshindi au mahali pa vita. Hapa sarufi inakuja tena kukuokoa: "Alimshinda Zelewski" ni mtu, na "Palipiganwa tarehe 17 Agosti 1891" ni mahali, kwa kuwa kiambishi "pa" hakina kazi nyingine. KALENGA, herufi saba, ni ngome iliyotekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894 chini ya Tom von Prince, ambaye Waswahili walimwita Bwana Sakarani, na SAKARANI ni jina tamu kwa mtunzi kwani lina herufi nane na irabu nne zilizopishana vizuri na konsonanti.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika mada hii unahusu yaliyotokea baadaye. Mkwawa alijiua kwa risasi mwezi Julai 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kikachukuliwa na kupelekwa Ujerumani, na suala la kukirejesha likaingizwa hadi katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Ilikuwa mwaka 1954 ndipo Gavana Edward Twining alipolikabidhi fuvu kwa Wahehe, nalo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Sasa tazama vidokezo viwili: "Lilirudishwa 1954" na "Kilichukuliwa 1898". Cha kwanza ni FUVU, cha pili ni KICHWA, na ukisoma upesi kwa kuangalia miaka peke yake utajikuta ukisukuma neno la herufi sita kwenye visanduku vinne huku ukilalamika kwamba gazeti limekosea.

Wakati mwingine, kwa kweli, gazeti halijakosea ila fumbo limezeeka. Mafumbo hurudiwa, na mipaka ya mikoa imebadilika. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hivyo kidokezo "Mkoa wa Makete (6)" kilikuwa na jibu moja kwa mtunzi wa miaka ya tisini na kina jingine leo, na kwa bahati mbaya IRINGA na NJOMBE yote yana herufi sita. Kimondo cha Mbozi nacho kimo katika vitabu vingi kama mali ya mkoa wa Mbeya. Hapo angalau MBEYA ina herufi tano na SONGWE sita. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake, ilitangazwa mwaka 2005, kwa hiyo fumbo linaloitaja kama hifadhi haliwezi kuwa la zamani sana, na unaweza kuupima umri wa vidokezo vyake vingine kwa kipimo hicho.

Ukikutana na jibu la lugha za huku, kama salamu ya KAMWENE ya Wahehe na Wabena au NDAGA, yaani asante, ya Wanyakyusa, kanuni za ngeli nilizozieleza hazitakufaa, na dawa yake ni kumwuliza jirani. Sioni kama kufanya hivyo ni udanganyifu. Katika kitendawili anayeshindwa huambiwa "nipe mji", naye huutoa mji kisha akapewa jibu. Katika fumbo la gazeti miji yenyewe ndiyo majibu, kwa hiyo huna cha kutoa ila muda wako.

Toleo lenye majawabu likitoka, usiridhike kuona neno sahihi na kugeuza ukurasa. Chukua jedwali lako la zamani, tia mstari chini ya kila jibu la mada ulilokosea, kisha rudi kwenye kidokezo chake usome kitenzi cha kwanza peke yake, kiambishi kwa kiambishi. Mimi bado ninalo jedwali la siku ile ya basi, lenye KIPUNJI iliyokatwa kwa wino na KIMONDO iliyobanwa juu yake kwa herufi ndogo, na tangu hapo nimehamia penseli.