Tetemeko dogo likikukuta kijijini: cha kufanya wewe na mifugo yako

Kama unakaa Kagera, Kigoma, Rukwa au kule Mbeya upande wa Ziwa Nyasa, tetemeko siyo habari ya kusikia kwenye redio tu. Tuko kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ardhi huku inaachana polepole sana, na siku ikishtuka kidogo mabati yanalia, vikombe vinagongana kabatini, mtu anauliza hivi ni lori limepita au? Mara nyingi limeisha hata hujapata jibu. Lakini hizo sekunde chache ukizitumia vibaya unaumia bure, na ng'ombe anaweza akakuumiza kuliko hata tetemeko lenyewe.

Tuanze na wanyama maana hapo ndo ubishi wa vijiweni ulipo. Eti wanajua kabla? Wanajua, ila kwa sekunde, siyo kwa siku. Tetemeko linatuma mawimbi mawili makubwa ndani ya ardhi, la kwanza lina mbio, kama kilometa 6 kwa sekunde, ila ni jepesi na wengi wetu hatulisikii kabisa, la pili linakuja nyuma yake kwa kilometa kama 3 na nusu kwa sekunde na hilo ndo linalotuyumbisha. Mbwa aliyelala tumbo chini analipata lile la kwanza, ndo maana unamwona anainuka ghafla masikio juu, anaangalia huku na huku, halafu ndo na wewe kiti kinaanza kucheza. Ukiweza kuhesabu sekunde kati ya kile kimtikisiko cha kwanza na ule mtikiso wenyewe, zidisha mara 8, unapata kwa kukadiria tu ni kilometa ngapi kutoka ulipo hadi lilipoanzia. Sekunde 5 ni kama kilometa 40 hivi.

Sasa wale wa "mbuzi wangu alikataa majani tangu juzi, alijua yule", jamani mbuzi anakataa majani kila wiki, ila wiki isiyo na tetemeko hakuna anayekumbuka. Wachina mwaka 1975 kule Haicheng walihamisha watu kabla ya tetemeko, na habari za nyoka kutoka mashimoni wakati wa baridi zilikuwepo kweli, lakini kulikuwa pia na vitetemeko vidogo vingi vilivyotangulia. Mwaka uliofuata, 1976, Tangshan ikapigwa bila onyo, wakafa zaidi ya laki 2. Kwa hiyo usikae unamsubiri mbwa akupe ratiba. Akishtuka na chini kunatetemeka, wewe fanya yafuatayo.

Ukiwa nje, baki nje. Sogea mbali na ukuta, nguzo za umeme, choo cha shimo na miti mikubwa yenye matawi makavu, kama ni kwenye migomba ni salama tu ila usisimame chini ya mkungu uliokomaa. Chuchumaa maana ukisimama wima unaweza ukayumba ukaanguka.

Ukiwa ndani inategemea na nyumba. Nyumba zetu nyingi ni tofali zimeunganishwa kwa udongo, juu mabati, lenta (ule mkanda wa zege wa kushika kuta) hakuna. Hapo bati siyo adui yako, adui ni ukuta, hasa ile pembetatu ya juu kwenye kenchi ambayo haijashikwa na kitu. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi saa 9 alasiri na dakika kadhaa, lile la ukubwa wa 5.9 lilipopiga Kagera (hilo halikuwa dogo) zaidi ya watu 15 walifariki na mamia wakajeruhiwa, na kilichoumiza watu kwa sehemu kubwa ni kuta. Hata majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya mpaka ikabidi yajengwe upya. Kwa hiyo kama mlango uko hatua mbili tatu na nyumba ni ya udongo, toka, na ukitoka usiishie kibarazani, nenda mpaka katikati ya uwanja. Kama uko chumba cha ndani usianze kukimbizana na milango, ingia chini ya meza imara au jibanze chini kando ya kitanda, mikono juu ya kichwa na shingo, mtoto umlaze chini yako. Kama kulikuwa na jiko la mkaa, kibatari au mtungi wa gesi, kwanza mtikiso uishe ndo ukazime, usikimbilie sufuria ya maharage inachemka.

Haya, mifugo. Ng'ombe wakishtuka wanajikusanya, vichwa juu, halafu wote wanaelekea upande mmoja, na upande huo mara nyingi ni kwenye geti la zizi. Usisimame hapo! Na usiingie katikati yao kuwatuliza wakati chini bado kunacheza, hasa hawa wetu wa pembe ndefu, akigeuza kichwa tu amekubeba. Ulikuwa unakamua? Acha ndoo, jiondoe pembeni taratibu. Mbuzi wa kamba ndo wa kuangalia mapema mara likiisha, anazunguka kile kigingi alichofungiwa kwa woga mpaka kamba inamkaba, nyuma ya mguu utaona imejivingirisha mara tatu na shingo imevutwa chini. Mlegezee kwanza kabla hujaanza kupiga simu.

Kuku wanapiga kelele kidogo halafu kama ni usiku bandani wanarundikana kona moja, na wa chini wanakosa hewa wanakufa, watu asubuhi wanasema ni kideri. Ingia polepole na tochi umeishusha chini, watawanye kwa mkono. Paka usimtafute, yuko chini ya kitanda, atatoka akisikia njaa. Mizinga ya nyuki ikianguka iache mpaka jioni wakitulia, na umwite mtu mwenye mavazi yake.

Likishaisha zunguka nyumba kwa nje kabla hujarudi ndani. Ufa mwembamba wa lipu siyo tatizo kubwa, lakini ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha unaoingia kidole, au ukuta umeachana na kona, hapo usilale, kalale kwa ndugu au nje chini ya turubai, na uende kwa mtendaji wa kijiji iandikwe. Vitetemeko vingine vinaweza kufuata kwa siku kadhaa na ukuta uliokwisha pasuka hauhitaji kubwa kuanguka. Maji ya kisima au chemchemi yakibadilika rangi yaache yatulie, halafu uyachemshe. Simu zikigoma tuma meseji ya kawaida. Na zile za WhatsApp za "leo saa 2 usiku linakuja kubwa" zifute, hakuna mtu duniani anayeweza kutaja saa.

Maziwa yatapungua kwa mkamuo mmoja au miwili, ng'ombe mwenye hofu hashushi maziwa hata umbembeleze vipi. Usimpige, mkamue mahali pake pa kawaida, mtu yule yule, muda ule ule. Mwenye mimba uliyemwona ameanguka au amebanwa getini mwangalie kwa siku kadhaa, akitoa damu au akikataa kula muite bwana mifugo.