Kuwa profesa wa falsafa Marekani: kuanzia maombi hadi ajira ya kudumu

Nchini Marekani, mwenye shahada ya kwanza anaweza kuomba uzamivu moja kwa moja. Programu nyingi hufunga maombi kati ya Desemba na Januari. Aliyesomea fani nyingine aanze na uzamili. Vyuo vikuu vya Tufts, Georgia State na Northern Illinois vina programu za uzamili zinazojulikana kwa kuwaandaa watu wa namna hiyo. Usiingie uzamivu wa kujilipia. Nafasi ya maana husamehe ada na kutoa posho kwa miaka 5 hivi, nawe unasaidia kufundisha.

Kinachobeba maombi ni insha ya mfano, mara nyingi kurasa 15 hadi 20. Wengi huharibikiwa hapa kwa kuandika muhtasari. Chukua mfano wa John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani aliyesema kanuni za haki zichaguliwe nyuma ya "pazia la kutojua", yaani bila mtu kujua nafasi yake katika jamii. "Insha hii inajadili nadharia ya haki ya Rawls" haimpi msomaji cha kupima. Linganisha na hii: "Rawls anawanyima watu walio nyuma ya pazia la kutojua hata makadirio ya uwezekano, nitaonyesha kuwa kizuizi hicho kikiondolewa, hoja yake ya kumtanguliza mwenye hali duni kabisa haisimami imara." Sasa kuna dai, na tunajua linagusa kiungo gani cha hoja. Kisha tafuta pingamizi kali kuliko yote dhidi yako, uliandike kwa nguvu ambazo mpinzani wako mwenyewe angelitumia, ndipo ulijibu. Ukichagua pingamizi jepesi utabainika haraka, maana wasomaji wako wamelifundisha lile zito kwa miaka.

Masomo ya darasani huchukua kama miaka 2, na idara nyingi hudai ujuzi wa mantiki. Yanafuata pendekezo la tasnifu na tasnifu yenyewe. Hesabu miaka 5 hadi 7 kwa jumla, pengine zaidi. Anza kutuma makala majaridani mapema, kwa sababu jibu huchukua miezi na kukataliwa ni jambo la kawaida. Kupeleka makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni mwiko. Makala hupimwa bila mpimaji kujua mwandishi, kwa hiyo ondoa jina lako, hata kwenye taarifa za faili, na maneno kama "nilivyoeleza katika makala yangu."

Nafasi za kazi hutangazwa PhilJobs, tovuti ya ajira za falsafa, nyingi kuanzia Agosti, kwa kazi za mwaka unaofuata. Andaa barua ya maombi, wasifu, insha, maelezo ya utafiti na ya ufundishaji, na barua za wadhamini watatu. Chuo kinachoishi kwa kufundisha kitaiweka kando barua inayozungumzia utafiti tupu, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Wachache huitwa chuoni kwa siku moja au mbili: wanatoa mhadhara, mara nyingine wanafundisha darasa, na wanakutana na mkuu wa kitivo.

Ukiajiriwa kama profesa msaidizi, saa imeanza. Kwa kawaida uamuzi wa ajira ya kudumu hufanyika mwaka wa 6. Anayenyimwa hupewa mwaka mmoja wa mwisho, kisha anaondoka. Anayepita huwa profesa mshiriki. Omba vigezo vya idara kwa maandishi tangu mwaka wa kwanza. Kamati za chuo zipokee kwa kipimo: wasomi wa nje wanaoombwa kukutathmini hupelekewa maandishi yako, na vikao ulivyohudhuria havimo humo.