Sufuria ya watoto mia moja: kuendesha chakula cha mchana katika shule ndogo ya mtaani

Ikiwa mtoto yuko shule ya umma hapa Nairobi, huenda hakuna haja ya kuwasha moto wowote. Mpango wa Dishi na County, ulioanza mwaka 2023 kati ya serikali ya kaunti na shirika la Food4Education, unampa sahani ya chakula cha moto kwa mchango wa shilingi 5. Chakula hupikwa katika jikoni kubwa na kuletwa shuleni. Mtoto huvaa bangili yenye chipu, mzazi huitia pesa kwa M-Pesa, naye huigusisha kwenye kifaa akapewa sahani. Angalieni mawili tu: bangili iliyopotea na salio lililokwisha. Shilingi 25 zikiwekwa Jumapili jioni zinamaliza wiki.

Yanayofuata ni ya shule zile za karo ndogo za Mukuru, Mathare, Kibera na Korogocho ambazo hujipikia zenyewe, mara nyingi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya darasa.

Hesabu kabla ya moto

Tuchukue watoto 100. Githeri ya kumshikilia mtoto hadi jioni inataka gramu 150 za nafaka kavu kwa kila mmoja: 100 za mahindi, 50 za maharagwe. Kwa siku moja hizo ni kilo 10 za mahindi na kilo 5 za maharagwe, yaani gorogoro tano na gorogoro mbili na nusu (gorogoro ni mkebe wa kupimia wa takriban kilo mbili). Ongeza nusu lita ya mafuta, gramu 200 za chumvi yenye iodini, kilo 3 za sukuma wiki au kabeji, kilo 2 za karoti, na vitunguu na nyanya za kukaangia.

Bei weka za soko lako la wiki hii. Kwa mfano tu, tuseme gorogoro ya mahindi ni shilingi 150 na ya maharagwe 350. Nafaka itakula 1,625. Mafuta 175, mboga na viungo 300, kuni au makaa 500, maji na chumvi 100, mpishi 600. Jumla 3,300, sawa na shilingi 33 kwa sahani.

Hapa ndipo mipango mingi huanza kuyumba. Kamati inatoza 33 kana kwamba wote watalipa. Watoto 20 wakishindwa, mfuko unapungukiwa na 660 kwa siku, na kufikia Ijumaa ni 3,300: siku nzima ya chakula imeyeyuka. Wiki chache baadaye maharagwe yanapunguzwa kimyakimya, mahindi yanabaki peke yake, na wazazi wanaolipa wanaanza kuuliza wanalipia nini. Amueni mapema: ama wanaoweza walipe 42, ama apatikane mtu, kanisa, msikiti au chama cha kuziba hizo 660. Kuwanyima wasiolipa msikuweke kwenye orodha ya njia. Mtoto mwenye njaa akiwatazama wenzake wakila, kesho yake haji shule.

Mzazi wa mjengo, wa kufulia watu nguo au wa kibarua cha kiwandani hulipwa kwa siku au kwa wiki. Ukimdai pesa za muhula mzima umemfukuza. Pokea kila siku au kila Jumatatu, ziingie kwenye laini ya shule, kamwe zisiingie kwenye simu ya mwalimu.

Kununua

Nyamakima, mjini Nairobi, ndiko wengi hununua nafaka kwa jumla, na soko la Marikiti kwa mboga na matunda. Nenda na mizani ya kuning'iniza. Gorogoro iliyobonyezwa kitako hupunja, na ukinunua tano kwa siku, upungufu mdogo hugeuka gunia kabla ya muhula kwisha.

Hatari kubwa kwenye mahindi ni sumukuvu (aflatoxin), sumu ya ukungu, ile ambayo mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 huko Ukambani na viunga vyake. Kuchemsha hakuiondoi, hata ukichemsha siku nzima. Kwa hivyo kazi yote iko kabla ya sufuria. Mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Muuzaji asipokuwa na kipimo, tumia chupa ya kioo iliyokauka kabisa: tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, jaza mahindi hadi theluthi, funga, tikisa dakika chache, iache robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi, yarudi yalikotoka. Yakipita, yapepetwe na kuchaguliwa kwa mkono, na kila punje iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye ukungu itupwe. Usizitupie kuku pia, sumu hiyo huwadhuru na wao.

Maharagwe yana mtihani wake. Yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto hukataa kuiva hata umalize mkaa wote. Chukua konzi moja kutoka kila gunia, kachemshe nyumbani, ndipo ulipe. Ununue ya mwezi mmoja, si ya muhula. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, kwenye chumba kisicho na mafuta ya taa wala dawa ya wadudu.

Kupika

Sufuria iwe ya lita 70 au 80, au mbili za 50. Maji tenga mitungi tisa ya lita 20: ya kuloweka na kupikia, ya mikono, ya vyombo. Shule nyingi huhesabu ya kupikia tu, halafu kufika saa saba watoto wanakula kwa mikono michafu.

Jioni, loweka mahindi na maharagwe vyombo mbalimbali. Asubuhi mwaga maji hayo. Kuyamwaga ya maharagwe hupunguza gesi tumboni mwa watoto. Saa mbili asubuhi washa moto, mahindi yatangulie, maharagwe yafuate baada ya dakika 45. Maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili ambayo huvunjwa na mchemko wa nguvu. Yabubujike dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Mpishi anayebania mkaa akayaacha yatokote polepole tangu mwanzo anaweza kulaza darasa zima kwa kutapika, na watu watasingizia maji.

Nyanya zisiingie mapema, maana huyafanya maharagwe yakaidi. Magadi huharakisha, ndiyo, lakini huharibu vitamini na kuacha ladha ya sabuni. Kuloweka vizuri kunatosha. Saa tano githeri iwe imeiva: punje ya mahindi ipasuke ukiibana kwa vidole viwili, haragwe lisiwe na kiini kigumu. Kaanga vitunguu, nyanya na karoti, changanya, na sukuma itiwe mwisho kabisa, dakika tano tu. Usiwape chai pamoja na githeri, kwani inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe. Kipande cha chungwa hufanya kinyume chake, na kwenye msimu bei yake si mbaya.

Mpishi awe na cheti cha afya kutoka kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, kinachofanywa upya kila miezi sita. Akiharisha, hapiki. Kilichobaki hakilazwi hadi kesho: sufuria kubwa hupoa polepole na githeri huchacha ikiwa bado vuguvugu.

Kugawa

Kilo 15 za nafaka kavu hutoa takriban kilo 35 zilizoiva. Mpe wa chekechea (PP1 na PP2) gramu 250, wa madarasa ya juu 400. Usikadirie kwa jicho. Pima mara moja kwa mizani, tafuta vikombe viwili vya plastiki vinavyobeba vipimo hivyo, na vikombe hivyo visitoke jikoni. Upawa wa mama mmoja si upawa wa mwingine, na ndiyo sababu darasa la mwisho hulia kila siku. Wadogo watangulie. Ukiona sufuria haitatosha, punguza kipimo cha wote kuanzia hapo, usimwache wa mwisho na sahani tupu. Weka akiba ya sahani tano hadi kumi, kwa sababu chakula kikianza mahudhurio hupanda, na wadogo wa nyumbani hufuata kaka zao getini.

Anayetunza stoo asiwe anayepika. Nafaka itoke kwa mizani kila siku, wawili waweke sahihi, na magunia yahesabiwe Ijumaa. Panya wa miguu miwili hula zaidi ya wale wa ukuta.

Orodha ya wasiolipa aishike mweka hazina peke yake. Mwalimu wa darasa asiijue, mpishi asiijue. Sahani ziwe za rangi moja, foleni iwe moja, jina lisisomwe paredini. Kuna shule humwambia mama asiyeweza kulipa aje kuchota maji au kuchambua mboga. Kusaidia ni kuzuri ikiwa zamu ni za wazazi wote. Ikiwa ni za wasiolipa tu, kila mtoto pale uwanjani anajua ni mama wa nani amebeba mtungi.

Utamwona pia mtoto anayekula nusu, kisha anafunika nusu nyingine kwenye mkebe wa plastiki chini ya deski. Ana mdogo wake nyumbani. Asikemewe wala kunyang'anywa. Mwalimu wa zamu amwite pembeni, apate kujua hali ya nyumbani, na mkebe huo ujazwe kutoka kwenye zile sahani za akiba ili yeye amalize yake.

Jumatatu ipangieni tofauti. Wengine hawajala vizuri tangu Ijumaa, na ndiyo siku watoto husinzia na kuumwa tumbo kabla hata ya mapumziko. Saa nne wapeni uji: kilo 4 za unga, lita 28 za maji, kilo moja na nusu ya sukari. Unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi ili usifanye mabonge, kisha umiminwe kwenye maji yanayochemka huku ukikorogwa, utokote dakika 20. Kikombe cha robo lita kila mmoja, na mchana ongezeni gorogoro moja ya mahindi kwenye sufuria.