Namna ya Kumtambua Mshambuliaji wa Mtandaoni na Kumwandika Katika Rejista ya Vihatarishi

Mifumo inapozimika, swali la kwanza kutoka kwa wajumbe wa bodi huwa ni moja: nani ametufanyia hivi? Wana haki ya kuuliza, lakini msimamizi wa vihatarishi asikimbilie kujibu kabla hajajua ni uamuzi gani unaolisubiri jibu hilo. Kuziba tundu, kubadili nywila na kurejesha data kutoka kwenye nakala rudufu ni kazi zisizohitaji jina la mtu. Yanayolihitaji ni machache: kama mhusika ni mfanyakazi wa ndani, ruhusa zake zifungwe leo hii, kama ni kundi lililowekewa vikwazo na Marekani, kulilipa fidia, yaani pesa linazodai ili liiachie mifumo, kunaweza kuiingiza taasisi matatani, na kama ni dola, yaani serikali ya nchi fulani, huenda bima isilipe. Andika maamuzi hayo kwenye ukurasa mmoja, kisha utafute ushahidi unaotosha kwa kila moja.

Suala la bima linastahili kusomwa kabla ya tukio. Baada ya shambulio la Juni 2017 la NotPetya, programu hasidi (iliyoundwa kudhuru kompyuta), kampuni ya dawa ya Merck ilidai takriban dola bilioni 1.4, nazo kampuni za bima zikajitetea kwa kifungu cha vita, kinachoondoa hasara za vita kwenye bima, kwa hoja kwamba Urusi ndiyo iliyohusika. Mahakama ya New Jersey iliipa Merck ushindi, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo Mei 2023. Soko la bima la Lloyd's la London lilikuwa limekwisha kujihami: mwongozo wake wa Agosti 2022 ulitaka mikataba ya bima ya mtandao iondoe mashambulizi yanayoungwa mkono na dola, na ieleze ni kwa utaratibu gani shambulio litahesabiwa kuwa la dola fulani. Kwa hiyo fungua mkataba wenu na utafute kifungu hicho hasa.

Tukio likishatokea, chukua nakala za logi, yaani kumbukumbu ambazo mfumo hujiandikia wenyewe, kabla fundi hajaisafisha seva, na uandike nani amezishika, tangu lini. Hapa ndipo kesi nyingi hufia, kwa sababu mtu mwenye nia njema huiwasha upya mashine na kufuta kila kitu. Linganisha pia saa za vifaa. Mstari wa logi unaosomeka 06:12 kwenye seva inayofuata UTC, yaani saa rejea ya dunia, ni saa 3:12 asubuhi Dar es Salaam, wakati wahasibu wameshakaa mezani. Anayeisahau tofauti hiyo ataandika kwamba mvamizi aliingia alfajiri. Isitoshe, saa za Moscow ni sawasawa na zetu. Mchambuzi wa ng'ambo akikuletea ripoti inayosema kwamba wavamizi hufanya kazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa saa za Moscow, usisahau kwamba ofisi yenu nayo iko wazi saa hizohizo.

Kisha tenganisha maswali matatu ambayo watu huyachanganya: shambulio lilipitia mashine zipi, zilikuwa mikononi mwa nani, na aliyewatuma ni nani. Anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha mashine mtandaoni, hujibu swali la kwanza tu, tena nusunusu, kwa kuwa seva ya kukodi haina uraia. Programu hasidi nayo inaweza kupambwa ili kumbambikia mtu mwingine kosa. Iliyovuruga ufunguzi wa Olimpiki ya Pyeongchang, Februari 2018, ilikuwa na alama zinazofanana na za Lazarus, kundi la wadukuzi la Korea Kaskazini. Watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa mtandao, walionyesha kwamba alama hizo zilighushiwa, na Oktoba 2020 Marekani iliwashtaki maafisa 6 wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi kwa shambulio hilo na mengine.

Majigambo pia yapimwe. Huduma za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, zilipokwama nchini Kenya Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Wachambuzi wengi waliliona jina hilo kuwa kivuli cha Warusi, lakini hati ya mashtaka iliyowekwa wazi Marekani Oktoba 2024 iliwataja ndugu wawili raia wa Sudan.

Katika rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya hatari zinazoikabili taasisi, usiandike jina tupu. Andika dhana mbili au tatu zinazoshindana, ushahidi unaounga mkono na unaopinga kila moja, na kiwango cha uhakika: cha juu, cha kati au cha chini. Kwa mfano: "Tunaamini, kwa uhakika wa kati, kwamba akaunti ya mkandarasi iliibwa na kutumiwa na genge la kudai fidia, tutabadili maoni ikibainika kwamba mkandarasi mwenyewe alikuwa ameingia ofisini saa hiyo." Sentensi ya namna hii humpa mkaguzi wa ndani kitu cha kukagua.

Jina lisitoke nje bila idhini ya mwanasheria. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu uvujaji ugundulike, na saa hizo hazisubiri umtambue mvamizi. Weka pia tarehe ya kulipitia upya ingizo hilo, mathalani kila robo mwaka, maana hati ya mashtaka dhidi ya wale ndugu wawili iliwekwa wazi zaidi ya mwaka mmoja baada ya eCitizen kukwama.