Damu ya kutosha kwa upasuaji wa moyo: familia ianzie wapi

Ikiwa ndugu yako amepangiwa upasuaji katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, usiweke tumaini lako katika damu ya bandia. Hemopure, mojawapo ya damu hizo, iliyotengenezwa kwa himoglobini (protini inayobeba oksijeni katika damu) ya ng'ombe, iliruhusiwa Afrika Kusini mwaka 2001, na Fluosol, kimiminika kinachoyeyusha oksijeni, iliruhusiwa Marekani mwaka 1989 kisha ikaondolewa sokoni miaka mitano baadaye. Himoglobini ikiwa nje ya chembe nyekundu hufyonza naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa, hivyo mishipa hubana na shinikizo la damu hupanda. Uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa waliopewa bidhaa za himoglobini walipata shambulio la moyo na kufariki zaidi ya wenzao. Kwa moyo ambao tayari ni mgonjwa, hiyo ni hatari nzito.

Anza, basi, na damu ya mgonjwa mwenyewe, tena wiki kadhaa kabla ya siku ya upasuaji. Omba apimwe wingi wa damu: mwanamume aliye chini ya gramu 13 za himoglobini kwa desilita, au mwanamke aliye chini ya 12, ana upungufu, na chanzo chake kitafutwe. Akiandikiwa vidonge vya madini ya chuma, avimeze mbali na chai, kwa kuwa chai huzuia madini hayo kufyonzwa. Jambo hili lina uzito kwa sababu mashine ya moyo na mapafu, inayofanya kazi ya viungo hivyo wakati wa upasuaji, hujazwa kwanza kimiminika cha lita moja au zaidi, ambacho huizimua damu yake mara anapounganishwa nayo.

Muulize daktari kama kuna mashine ya kukusanya damu inayomwagika, kuiosha na kumrudishia mgonjwa, na kama atapewa asidi ya traneksamiki ya kupunguza kuvuja damu. Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, zisisimamishwe bila agizo lake.

Wachangiaji nao wapangwe mapema. Mwanamume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, na uzito usipungue kilo 50. Nakushauri wasiende wote siku moja: chembe nyekundu huhifadhiwa kwa wiki kadhaa, lakini chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, kwa kawaida hudumu siku 5 tu, kwa hiyo waulize wahudumu wa benki ya damu ni wangapi wabaki hadi tarehe ikaribie.